Daktari John Kirk wa Unguja

Watu wengi hudhani ya kuwa daktari ni mtu wa dawa tu, na ya kuwa akiisha kuondoka kitandani pa mgonjwa hana neno jingine la kufanya. Habari za Sir John Kirk zatuonyesha mtu wa namna nyingine. Yeye alikuwa daktari kwa elimu yake, lakini alikuwa pia mjuzi wa mimea, mpiga picha, na mpenda wanyama. Tena kwa muda wa miaka ishirini alikuwa mtumishi wa serikali yake katika mji wa Unguja. Yeye ndiye aliyeketi na Seyyid Barghash siku zile soko la watumwa lilipofungwa. Ninyi mkaao Vugiri, mkitazama chini ya milima yenu na kuliona bonde la Mto Pangani, mnaitazama nchi ambayo ilihusika sana na jambo hilo, kama mtakavyoona.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, karibu na mji wa Arbroath, pwani ya mashariki ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana akapelekwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma udaktari, akaumaliza mwaka wa 1854. Siku zile mwanafunzi wa udaktari alilazimika kusoma habari za mimea pia, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka katika mizizi, magome na majani. Wanafunzi wengi waliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani tu, kisha wakayasahau. Kirk hakuyasahau. Akawa haendi mahali bila kutazama kilichoota chini ya miguu yake, akang'oa, akakausha, akakibana katika karatasi, na kuandika mahali na tarehe. Katika hospitali ya Edinburgh alifanya kazi pamoja na vijana wengine waliokuja kuwa mashuhuri, mmoja wao Joseph Lister, yule aliyewafundisha madaktari wa dunia kuzisafisha jeraha kwa dawa ya kuua vijidudu.

Katika ujana wake huo alijifunza pia kupiga picha. Msifikiri ilikuwa kazi nyepesi kama ilivyo leo. Sanaa yenyewe ilikuwa changa, na mpiga picha alichukua sanduku kubwa la mbao, na chupa za dawa kali, na kila picha ilihitaji utulivu na saburi. Kirk alizichukua zana hizo mpaka ndani ya Afrika, na picha alizozipiga kando ya Mto Zambezi ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za nchi zile.

Mwaka wa 1855, wakati wa vita vya Krimea, alikwenda Uturuki kuwatibu askari katika hospitali ya Renkioi. Vita vilipokwisha alirudi kwao, na baada ya muda mfupi Daktari David Livingstone alikuwa akitafuta watu wa kufuatana naye katika safari ya Mto Zambezi. Alitaka mtu mmoja awezaye kutibu wagonjwa na kuichunguza mimea iletayo faida. Wakuu wa bustani ya Kew, iliyo karibu na London, walimtaja Kirk. Basi akaondoka mwaka wa 1858, naye ana umri wa miaka ishirini na mitano.

Safari ile ilidumu zaidi ya miaka mitano, na ilikuwa na taabu nyingi. Mashua yao ya moshi ilivuja, mto ulikauka wakati wa kiangazi, homa iliwapata karibu wote, na wakubwa wa safari waligombana wao kwa wao. Mwezi wa Septemba 1859 Kirk alikuwa pamoja na Livingstone walipofika katika Ziwa Nyasa. Mwezi wa Novemba 1860, walipokuwa wakishuka kwa mitumbwi katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulitupwa juu ya mwamba na maji. Mwenyewe aliokoka kwa shida. Lakini vitabu vinane alivyoviandika kwa mkono wake, na kiasi cha picha mia za mimea alizozichora, vyote vilichukuliwa na mto. Mtu mwingine angalivunjika moyo. Kirk alianza tena kukusanya.

Katika safari hiyo hiyo alipata jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Wawindaji wa upande wa Mto Shire walitumia sumu kali ya mishale waliyoiita kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao. Kirk alipata sumu hiyo kidogo, akaiweka mfukoni pamoja na vitu vyake vingine, na mswaki wake ukaguswa nayo pasipo yeye kujua. Alipopiga mswaki alihisi uchungu wa namna ya ajabu. Wakati huo alikuwa hajisikii vizuri na moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Akashika kifundo cha mkono kama afanyavyo daktari, akahesabu, akaona mapigo yamepungua na kutulia. Angeweza kuutupa mswaki na kushukuru ya kuwa hakufa. Badala yake aliwaza ya kuwa kitu kinachoweza kuusimamisha moyo wa mnyama, kikitiwa kidogo sana, huenda kikautuliza moyo wa mgonjwa. Habari ile na mbegu zile zikafika Edinburgh, na Profesa Thomas Fraser akazichunguza kwa miaka mingi. Mwisho wake ikapatikana dawa ya moyo iliyotumiwa na madaktari wa Ulaya kwa muda mrefu. Elimu ya wawindaji wa Shire na hesabu ya Kirk ndizo zilizoileta, na ni haki kutaja zote mbili.

Lakini huko Shire aliona pia mambo mengine. Mwezi wa Julai 1861 Livingstone na wenzake, Kirk akiwamo katika safari hiyo, pamoja na Askofu Mackenzie wa misheni, walikutana na msafara wa watumwa themanini na wanne, wanaume kwa wanawake na watoto, wengine wakiwa na makongwa shingoni. Waliowaongoza wakakimbia. Kamba zikakatwa, makongwa yakapasuliwa, yakawa kuni za kupikia uji. Tangu siku zile Kirk alijua kwa macho yake, wala si kwa kusoma magazetini, watumwa waliofika pwani walitokaje kwao. Mwaka wa 1863 alirudi Ulaya, mgonjwa wa kuhara damu.

Mwaka wa 1866 alikuja Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Kiingereza. Mwaka uliofuata alioa bibi aliyeitwa Helen Cooke, na watoto wao wakazaliwa na kulelewa. Cheo chake kikapanda. Tangu mwaka wa 1870 alishika kazi ya ubalozi wenyewe, na baadaye akawa Balozi Mkuu. Nyumbani kwake Mbweni, kusini ya mji, alikuwa na bustani ambamo alipanda miti ya nchi nyingi ili aone ipi itakayokubali udongo wa kwetu.

Kazi ya serikali haikumzuia kutazama. Wakati ule wafanya biashara walinunua sandarusi, ule utomvu mgumu unaong'aa kama kioo, uliokuwa ukichimbwa katika ardhi ya pwani, mahali pengine pasipo na mti hata mmoja wa kuutoa. Watu wa Ulaya walibishana ni kitu gani. Kirk alitembea katika mashimo, akaona vipande vya sandarusi vyenye majani na maua ndani yake, akavilinganisha na mti wa sandarusi ulio hai, akathibitisha ya kuwa ni kitu kimoja: miti ilikuwapo zamani, ikafa, na utomvu wake ukabaki udongoni. Alionyesha pia mmea utambaao wa mpira ulioota msituni karibu na pwani, na biashara ya mpira ikakua. Aina moja ya mmea huo imepewa jina lake. Hata kima punju wa Unguja, mwenye mgongo mwekundu, ambaye asili yake haiko popote duniani ila katika kisiwa kile na vijisiwa vilivyo jirani, amepewa na wataalamu jina la Kirk tangu mwaka wa 1868. Na yule digidigi, paa mdogo akaaye katika vichaka vya nchi kavu, anaitwa vivyo hivyo.

Hata hivyo kupenda mambo mengi kulimletea matata. Mwaka wa 1870 alipeleka wapagazi na vitu kwa Livingstone, aliyekuwa mbali bara. Wapagazi wale wakakaa Bagamoyo miezi kadha bila kuondoka. Mwezi wa Februari 1871 Kirk mwenyewe alivuka kwenda kuwahimiza, nao wakaenda. Lakini katika safari ile alikwenda pia kuwinda. Tena vitu vingine vilivyopelekwa Ujiji viliibiwa na kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Henry Stanley, aliyemkuta Livingstone katika hali ya uhitaji, alitangaza Ulaya yote ya kuwa Kirk amemtupa rafiki yake. Serikali ikapeleleza, ikamwona hana hatia, na mimi naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa mwizi alikuwa Ujiji wala si Unguja. Walakini mtu asomaye habari hizi hawezi kuacha kufikiri ya kuwa wapagazi wale wangalihimizwa mapema zaidi. Livingstone alikufa mwaka wa 1873 naye ana uchungu moyoni juu ya jambo hilo. Na mwaka wa 1874, mwili wake ulipozikwa London, Kirk na Stanley wote wawili walikuwa miongoni mwa waliolifuata jeneza lake.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mji wa Unguja ulikuwa na soko la watumwa huko Mkunazini. Watu waliletwa hasa kutoka Kilwa, nao walikuwa wametoka mbali, upande wa Nyasa. Waliofia njiani hawakuhesabiwa. Wengine walinunuliwa kwa mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mapema mwaka wa 1873 serikali ya Kiingereza ilimtuma mjumbe mkubwa, Sir Bartle Frere, kumtaka Seyyid Barghash aikomeshe biashara hiyo baharini. Seyyid alikataa. Tusimdhanie kuwa alikataa kwa ukaidi tu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilikuwa imeipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu kwa maelfu. Merikebu zake zilizama. Hazina yake ilitegemea ushuru, na wenye mashamba, ambao ndio nguvu ya kiti chake, wangeweza kumgeuka. Frere akaondoka mikono mitupu.

Kazi ikamwangukia Kirk. Barua ikaja kutoka London ikisema ya kuwa Seyyid asipotia sahihi, manowari za Kiingereza zitakizingira kisiwa, kisiingie chombo wala kutoka. Kirk alikuwa amemfahamu Barghash kwa miaka; alikuwa daktari, na watu wa jumba walimzoea. Hakumtangazia hadharani na kumwaibisha. Alikwenda siku baada ya siku, akamweleza ya kuwa mzingo utaleta njaa, na ya kuwa mtawala anayetia sahihi mwenyewe hubaki na nchi yake. Seyyid akataka kwenda Uingereza kujitetea. Kirk akamwambia ya kuwa akiondoka bila kutia sahihi, mzingo utaanza nyuma yake. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi, na soko likafungwa. Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali palipokuwa soko. Nalo kanisa lingali limesimama Mkunazini.

Wengi wangaliandika barua ya furaha na kwenda kulala. Kirk alijua ya kuwa karatasi haimkamati mtu. Wachuuzi, walipokatazwa baharini, waliwaongoza watumwa kwa miguu kandokando ya pwani, kutoka Kilwa kupita Dar es Salaam kwenda kaskazini mpaka Pangani, na kutoka huko wakavushwa usiku kwenda Pemba. Msaidizi wa Kirk, Kapteni Frederic Elton, alipelekwa kuitazama njia hiyo, na katika muda wa mwezi mmoja tu, mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipita. Basi mdomo wa mto wenu, ambao maji yake hupita chini ya Korogwe, ukawa mlango mpya wa biashara ile ile. Kirk akamrudia Seyyid, na mwezi wa Aprili 1876 Barghash akatoa amri kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu pia. Safari hii hapakuwa na manowari wala vitisho. Seyyid alikuwa amekwisha kuzuru London mwaka wa 1875, Kirk akifuatana naye, na urafiki wao ulikuwa umekua. Tena mwaka wa 1877 akapatikana Luteni Lloyd Mathews kulifundisha jeshi la Seyyid, ili amri za mtawala zisikike hata bara.

Hapa ndipo ilipo sehemu ya habari hii iliyo ya huzuni. Barghash alikubali mambo mengi kwa sababu aliamini ya kuwa Waingereza, kwa kinywa cha Kirk, watakuwa upande wake. Mwishoni mwa mwaka wa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita bara upande wa Usagara akiandikisha mikataba na wakuu wa vijiji, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikazitwaa nchi zile chini ya ulinzi wake. Seyyid akapinga. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikilielekea. Akamtazama rafiki yake. Lakini wakuu wa London walikuwa wanahitaji mapatano na Ujerumani kwa mambo mengine ya Ulaya na Misri, wakamwagiza Kirk amshauri Seyyid akubali. Kirk akatii. Mwaka wa 1886 mataifa hayo mawili yakapatana: Seyyid akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na mpaka ukachorwa kutoka Mto Umba kwenda Ziwa Viktoria. Kwa mstari huo Usambara yote, na Vugiri ndani yake, ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Wala hakuna mtu wa milimani aliyeulizwa. Mwaka huo Kirk akaondoka Unguja, asirudi tena kushika kazi yake. Barghash akafariki mwezi wa Machi 1888.

Katika milima ya Usambara huota mmea mdogo juu ya miamba yenye kivuli na unyevu. Majani yake yana manyoya laini na yametandaa chini kama sahani. Maua yake ni ya zambarau, na katikati yana manjano. Mwaka wa 1884, katika wakati ule wa fitina na manowari, Kirk alipata nafasi ya kupeleka Kew mfano wa mmea wa jamii hiyo, uliokauka. Ulikuwa umeharibika, wataalamu wakashindwa kuupa jina, ukawekwa kabatini. Mwaka wa 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona huku kwetu, akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka wa 1893 ukapewa jina la Saintpaulia kwa heshima yao. Leo hupandwa vyunguni madirishani katika nchi nyingi zenye baridi, na watu wanaoununua huenda hawajapata kusikia jina la Usambara. Mtoto wa Vugiri aendaye kuteka maji kijitoni na autazame miambani, asiung'oe, maana misitu yake imepungua sana.

Kirk alikaa Sevenoaks, kusini ya London, lakini hakustarehe. Mwaka wa 1889 na 1890 alikuwa mmoja wa wajumbe wa Uingereza katika mkutano wa Brussels, uliotunga sheria za mataifa juu ya biashara ya watumwa. Mwaka wa 1895 alitumwa Afrika ya Magharibi, kwenye mdomo wa Mto Niger, kupeleleza ugomvi wa watu wa Brass na kampuni ya Kiingereza. Kisha akawa katika halmashauri iliyosimamia kujengwa kwa reli ya Uganda, kutoka Mombasa mpaka ziwani. Maelfu ya majani na maua yaliyokaushwa kwa mkono wake yamo Kew, na bado wataalamu huyafungua.

Alifariki tarehe 15 Januari 1922, umri wake miaka themanini na tisa. Mikataba aliyoisimamia ilikuwa imekataza kuuza na kusafirisha watu. Haikuwafanya huru wale waliokwisha kuwa watumwa. Unguja na Pemba utumwa wenyewe uliondolewa katika sheria mwaka wa 1897, miaka kumi na mmoja baada ya yeye kuondoka. Katika Tanganyika sheria hiyo ilitoka mwaka wa 1922, mwaka ule ule aliozikwa.